Kikianguka kitu kutoka angani, nani atatuambia kweli?

Watu wa milimani hawahitaji kufundishwa kutazama juu. Huku Sigowet, ambako mashamba ya majani chai yanapakana na miteremko ya kwenda Soin na tambarare za Nyando, mbingu ni kama shamba la pili la mkulima. Mchana huitazama ajue kama mvua ya mawe itamharibia majani kabla hajayafikisha kituoni. Usiku, mawingu yakitawanyika, nyota hujaa tele, maana taa za mji ni chache na ziko mbali.

Wazee wa Kikalenjin walizijua nyota hizo kwa majina. Mwaka 1909 Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, alichapisha kitabu juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, na humo akaeleza kwamba kilimia waliita Koremerik, na kwa kuonekana kwake au kutoonekana kwake walibashiri kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Ule mkanda mweupe wa nyota ukatao mbingu nao waliuona kuwa ziwa kubwa ambamo watoto wa nyota huoga na kucheza.

Siku hizi vimeongezeka vitu ambavyo wazee hawakuviacha na majina. Tangu mwaka 2019 watu wa nchi nyingi wameona mstari wa taa ukipita kimyakimya, taa moja nyuma ya nyingine kama siafu. Hizo ni setilaiti za Starlink, ambazo hurushwa kwa mafungu na kampuni ya Kimarekani, na ambazo tangu Julai 2023 zinauza huduma ya intaneti hapa Kenya. Anayelijua jambo hilo hutazama kidogo akaenda kulala. Asiyelijua huamka asubuhi akiuliza: je, vile vilikuwa nini? Na hapo, msomaji, ndipo hadithi yetu inapoanzia.

Swali la kama kuna viumbe wa sayari nyingine wanaokuja kututembelea kwa visahani virukavyo ni swali la kupigia soga jioni. Swali lenye uzito ni jingine. Kitu kisichojulikana kikionekana, au kikianguka katika shamba la mtu, serikali itatuma wachunguzi. Watakuja na magari, watazungushia utepe, watapiga picha, watachukua kitu na kuondoka. Baadaye watatoa taarifa. Je, wananchi wataiamini?

Wengi watasema hapana. Wakenya wana mzaha wao wa zamani kwamba neno serikali ni maneno mawili, siri na kali. Wataalamu wa lugha watakuambia neno hilo lilitoka Uajemi na halihusiani na siri hata kidogo. Lakini mzaha hauishi miaka mingi bila kuwa na chakula cha kuula.

PETE YA MUKUKU

Tuanze na jambo lililotokea nchini mwetu wenyewe. Tarehe 30 Desemba, 2024, alasiri, kitu kizito kilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Kilikuwa pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Watu walisikia kishindo kikubwa. Kwa bahati njema hakuna aliyeuawa.

Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, lilifika na kukichukua. Mnamo Januari 1, 2025, likatoa taarifa kwamba, kwa uchunguzi wa awali, pete hiyo ilikuwa kipande cha roketi, kile kinachoshikanisha sehemu mbili na kuachana nazo zinapotengana. Vipande vya namna hiyo, lilisema, hutengenezwa ili viungue vikirudi katika hewa ya dunia, au vianguke mahali pasipo watu kama vile baharini. Hilo lilikuwa jambo la nadra.

Kwa kweli taarifa ilitoka haraka, na jambo hilo lastahili sifa. Lakini swali ambalo kila mwanakijiji alikuwa nalo halikujibiwa: roketi ya nani? Pengo hilo halikukaa wazi siku nyingi, maana pengo la habari ni kama shamba lisilolimwa, magugu hayangoji kupandwa. Kwa kuwa India ilikuwa imerusha roketi siku ile ile ya tarehe 30 Desemba, habari zilichapishwa kwamba Kenya inaidai nchi hiyo fidia. Shirika likakanusha. Watu waliosoma habari ya kwanza na kisha kanusho lake walibaki wakijiuliza lipi ni lipi.

Wataalamu wa nje nao hawakukubaliana. Jonathan McDowell wa Marekani, bingwa wa kufuatilia vitu vinavyozunguka dunia, alisema hajaridhika kwamba pete ile ilitoka angani. Marco Langbroek wa Uholanzi, baada ya kupiga hesabu za njia, alitaja sehemu ya roketi ya Ulaya aina ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008 kuwa ndiyo inayoelekea zaidi. Mabishano kama hayo ni ya kawaida katika sayansi, na hayana ubaya. Ubaya ni kwamba mtu wa Mukuku ayasikie kutoka ng'ambo kabla ya kuyasikia katika baraza lake mwenyewe.

Kisha likaja suala la afya. Ilielezwa kwamba mamlaka inayodhibiti nyuklia nchini ilipima na kukuta pete ina mnururisho uliozidi ule wa mahali ilipoangukia, ila si wa kiasi cha kumdhuru binadamu. Sentensi hiyo ina nusu mbili. Mwanasayansi husikia nusu ya pili. Mama ambaye watoto wake walikwenda kukigusa kile chuma husikia nusu ya kwanza. Asipokuja mtu wa kuketi naye na kumweleza kiasi ni nini na madhara huanzia wapi, hofu itabaki naye.

HATA WAMAREKANI HAWAAMINI

Asije mtu akadhani kwamba kutoiamini serikali ni ugonjwa wa watu wasiosoma. Taifa lililopeleka watu mwezini nalo lina mashaka makubwa katika jambo hili. Mwaka 2019 shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani maoni yao, na 68 katika kila 100 walisema serikali yao inajua mambo mengi kuhusu vyombo visivyotambulika kuliko inavyosema.

Mashaka hayo yana sababu. Mnamo Julai 1947 jeshi lilitangaza kwamba limeokota kisahani kirukacho karibu na mji wa Roswell. Muda mfupi baadaye likageuza kauli: ni puto la hali ya hewa tu. Ilipita karibu miaka 50, hata mwaka 1994, ndipo jeshi la anga likakiri kwamba mabaki yale yalikuwa ya mpango wa siri ulioitwa Mogul, wa kurusha maputo yenye vyombo vya kusikiliza milipuko ya nyuklia ya Warusi. Kwa hiyo waliosema Roswell kulikuwa na siri walikuwa sahihi. Kosa lao lilikuwa ni siri gani.

Baadaye jeshi hilo liliendesha uchunguzi ulioitwa Blue Book, hadi mwaka 1969. Ripoti 12,618 zilipokelewa. Nyingi zilielezwa kuwa nyota, ndege, maputo na mawingu, na 701 zikabaki bila maelezo. Lakini Januari 1953 kikundi cha wataalamu kilichoitwa na shirika la ujasusi, CIA, kilikuwa kimeshauri kwamba umma ufundishwe ili upoteze hamu ya mambo hayo, na vyama vya raia vinavyoyafuatilia viangaliwe kwa jicho la ulinzi. Ushauri huo ulipojulikana, nani angeamini tena kwamba uchunguzi ulikuwa wa kutafuta kweli?

Zaidi ya hayo, mwaka 1997 CIA ilichapisha makala ya mwanahistoria wake iliyodai kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za mwisho wa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege zake za kipelelezi zirukazo juu sana, na kwamba raia walipewa maelezo ya uongo ili ndege hizo zisijulikane. Hebu fikiri: rubani aliona kitu cha kweli, akaripoti kwa uaminifu, na ofisi iliyokijua kitu hicho ikamwambia ameona mawingu ya barafu.

Basi mwezi wa Machi 2024, ofisi mpya ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipotoa ripoti ikasema haikupata ushahidi wowote wa vyombo kutoka sayari nyingine, huenda ilisema kweli tupu. Lakini mchungaji aliyepiga kelele za chui bila chui, siku anayosema kweli huwa amekwisha kuitumia sauti yake.

DENI LILILOANZIA ARDHINI

Turudi nyumbani. Mtu wa Kericho au Bomet hahitaji kusoma habari za Roswell ili awe na mashaka. Mashaka yake hayakushuka kutoka angani. Yalianzia ardhini, tena karibu na mlango wake.

Tarehe 19 Oktoba, 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliuawa katika mkutano ulioitwa wa amani. Aliyempiga risasi alikuwa ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Uchunguzi ulifanywa, tena si mara moja, na wachunguzi walikuwa maofisa wenzake. Wakamwondolea lawama. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Hivyo uchunguzi wa serikali ambao nchi hii iliuona wakati ule ulikuwa ule ambao hukumu yake ilijulikana kabla ya mashahidi kuitwa.

Uhuru ulipokuja, mambo hayakunyooka yote. Ukiteremka kutoka Sigowet kuelekea bondeni unafika Koru. Huko ndiko Waziri wa Mambo ya Nje, Dakta Robert Ouko, alikotoweka usiku wa kuamkia Februari 13, 1990, na mwili wake ukapatikana katika kilima cha Got Alila, kilomita chache kutoka shamba lake. Mwanzoni ilidokezwa kwamba alijiua. Wapelelezi waliitwa kutoka Uingereza. Tume ya Jaji Evans Gicheru ikaketi, nayo Rais Moi akaivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi yake. Kamati ya Bunge iliyoundwa mwaka 2003 iliandika ripoti, na mwaka 2010 Bunge lenyewe likaikataa. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa 1990 sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na hakuna aliyehukumiwa.

Kisha Juni 10, 2008, ndege ndogo iliyokuwa ikija Kericho ilianguka upande wa Narok. Ndani yake walikufa Waziri wa Barabara, Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, waziri msaidizi na mbunge wa Sotik, pamoja na watu wengine wawili. Nchi ya majani chai ililia. Ndege ndogo huanguka kwa sababu nyingi, na ajali ni ajali. Lakini baada ya Got Alila, ni nani angemlaumu mtu aliyesikia neno uchunguzi akatikisa kichwa?

Kwa hiyo tusiseme watu hawaamini habari za angani kwa sababu wanapenda uvumi. Uaminifu ni kama akaunti ya akiba. Serikali iliyotoa mara nyingi bila kuweka, siku ya dharura itakuta hakuna kitu, hata kama siku hiyo haja yake ni ya haki.

ROKETI JUU YA MAJANI CHAI

Wapo watakaosema kwamba mambo ya roketi ni ya Wazungu na hayatuhusu. Hao hawaijui historia ya Kericho. Eneo hili ni miongoni mwa yale yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kupita karibu mahali pengine popote duniani. Takwimu inayotajwa sana ni siku 132 kwa mwaka. Jiwe moja la barafu si kitu, lakini dakika kumi za mvua hiyo huwaacha wachumaji bila kazi kwa majuma.

Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yalijaribu kuyapiga mawingu kwa roketi ndogo zilizolipuka humo. Baadaye zikaletwa ndege zilizoingia kwenye mawingu ya dhoruba na kumwaga moshi wa madini ya fedha yaliyochanganywa na iodini, ili barafu iwe chembe nyingi ndogo badala ya mawe makubwa. Basi mkulima aliyekuwa nje ya ua wa shamba la kampuni aliweza kuona mioto ikipaa mawinguni mwake, na ndege zikiingia mahali ambapo rubani mwenye akili timamu hukimbia. Huyo naye alikuwa na haki ya kuuliza: vile ni vitu gani, na mvua yangu mnaifanyaje?

Lakini katika kisa hicho kuna upande wenye kupendeza. Mwanasayansi mmoja, Russell Schnell, alifika Kericho kuchunguza kwa nini mawe ni mengi hivi. Yeye na mwenzake wakagundua kwamba takataka za majani chai yanayooza chini ya miti zina chembe zinazosaidia maji kuganda kuwa barafu. Chembe hizo zikiinuliwa na vumbi, kama linalotimuliwa na miguu ya wachumaji, zaweza kupaa hadi kwenye mawingu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982 katika jarida la Tellus, wazi, yasomwe na yapingwe na yeyote. Chanzo kimoja cha mambo ya juu huenda kilikuwa miguuni petu. Na hakuna aliyehitaji kuficha neno.

WALIVYOFANYA MBALE

Mfano mwingine mwema uko ng'ambo ya Mlima Elgon. Tarehe 14 Agosti, 1992, mchana, ngurumo zilisikika juu ya mji wa Mbale, Uganda, na mawe yakaanza kunyesha. Kilikuwa kimondo kilichopasuka angani. Mawe yalitawanyika kwa kilomita kadhaa, jiwe zito kuliko yote likipita kilo 25. Kijiwe kimoja kidogo kilipita katika majani ya mgomba kikamgonga mvulana kichwani bila kumjeruhi. Kwa kuwa zilikuwa siku za hofu ya UKIMWI, wako watu waliosaga mawe hayo wakala unga wake wakidhani ni dawa iliyotumwa na Mungu.

Wanasayansi kutoka Uholanzi walifika, wakashirikiana na Waganda. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: wewe ulikuwa umesimama wapi, ulisikia nini, jiwe lilianguka wapi? Kwa majibu hayo walichora ramani ya mahali mawe yalipoangukia, wakahesabu njia ya kimondo, na wakachapisha kazi yao. Wananchi hawakufukuzwa kama watazamaji wasumbufu. Walikuwa mashahidi, na ushahidi wao uliingia katika vitabu vya sayansi. Ndiyo maana kisa cha Mbale leo husimuliwa bila mtu kunong'ona.

LA KUFANYA

Yote haya yanatufundisha jambo moja. Uchunguzi wa vitu vya angani huaminiwa ikiwa aliyekiona kitu amehesabiwa kuwa mwenye habari, na ikiwa yaliyopatikana yanarudi kwake. Si lazima majibu yote yawepo siku ya kwanza. Mzee wa kijiji anaweza kuvumilia kuambiwa, "Hatujajua bado, tutarudi baada ya mwezi mmoja," endapo kweli watarudi. Asichoweza kuvumilia ni gari linaloondoka na kitu na vumbi lake.

Sheria za dunia zipo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema kwamba nchi iliyorusha chombo italipa hasara kitakayoileta ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Mwezi wa Januari 1978 setilaiti ya Kirusi yenye mtambo wa nyuklia, Cosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Kanada ilitafuta vipande, ikahesabu gharama, ikadai dola milioni 6, na mwaka 1981 ikalipwa milioni 3. Kudai kunahitaji ushahidi, na ushahidi unahitaji kumbukumbu ambazo watu wanaweza kuzisoma.

Kenya nayo si mgeni katika mambo haya. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba, 1970, na Aprili 2023 nchi yetu ikapeleka angani Taifa-1. Vitu vitazidi kupaa, na vinavyopaa vingine vitarudi. Huenda siku moja kimoja kikashukia mashamba ya Sigowet, katikati ya mistari ya majani chai.

Siku hiyo wachunguzi na waje, maana ndiyo kazi yao. Lakini kabla hawajafungua vyombo vyao vya kupimia, waitishe baraza. Waseme walichokiona na wasichokijua, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, mbele ya mwenye shamba. Kisha warudi na majibu, hata kama majibu yenyewe ni madogo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli ni ndefu, na baada ya mvua ya Kericho ina matope mengi, lakini hufika mpaka mlangoni kwa mtu.